Barua Taka Zizuiwe Gatini

Mwalimu mmoja wa skuli ya msingi katika kijiji cha kaskazini ya Pemba alituandikia barua pepe kutueleza kwamba kisima wanachokitegemea wanakijiji wenzake kimeingia maji ya chumvi, na kwamba kina mama wamekuwa wakienda masafa marefu kutafuta maji ya kunywa. Aliiandika kwa adabu, akaambatisha picha nne, akaituma, kisha akangoja. Wiki ya kwanza ikapita bila ya jibu, na ya pili pia. Siku ya 19 alipiga simu katika chumba chetu cha habari akauliza, kwa upole uliotutia haya kuliko matusi, iwapo gazeti limeacha kupokea barua za watu wa shamba.

Tuliitafuta barua ile tukaikuta. Ilikuwa imelala katika sanduku la taka la mtambo wetu wenyewe, baina ya tangazo la dawa ya kuotesha nywele na salamu za mtu asiyejulikana aliyedai kuwa amerithi mamilioni ya dola na anatafuta mshirika mwaminifu wa kugawana naye. Chujio letu liliona anwani lisiyoijua, likaona picha nzito, likaona maneno ya kuomba msaada wa haraka, likahukumu. Hapana aliyemwambia mwalimu kwamba barua yake imewekwa kando, na hapana aliyetuambia sisi kwamba ipo pale. Tuliichapisha barua hiyo na kumwomba radhi mwenyewe, lakini siku 19 za kiu hazirudishwi kwa kuomba radhi.

Hatusimulii kisa hiki kwa kupenda kujiaibisha mbele ya wasomaji wetu. Tunakisimulia kwa sababu lililotukuta sisi laweza kuikuta afisi yoyote ya umma katika visiwa hivi, na pengine linaikuta hivi sasa bila ya yeyote kujua. Wizara, mahakama, hospitali, skuli na mabaraza ya miji hupokea barua kwa njia ya mtandao, na barua hizo hufika zikiwa zimezongwa na taka. Ni wajibu wa afisi kuzizuia taka hizo. Lakini namna ya kuzizuia si jambo la mafundi peke yao. Ni jambo la utawala bora, na kwa hivyo ni jambo la kila mwananchi.

CHANZO CHA TAKA

Hatuwezi kuijua dawa bila ya kuyajua maradhi. Barua ya kwanza iliyopita katika mtandao kutoka kompyuta moja hadi nyingine ilitumwa na mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, mwaka 1971, naye ndiye aliyeichagua alama ya @ ili kutenganisha jina la mtu na jina la mashine yake. Haikutimia miaka saba kabla ya mlango huo kuvamiwa. Mwezi wa Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa mauzo katika kampuni ya kompyuta ya DEC, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 ambao hawakuliomba. Wengi walikasirika, na wasimamizi wa mtandao walimkaripia, lakini njia ilikwisha kuonekana.

Mwaka 1982 mtaalamu mwingine wa Marekani, Jon Postel, aliandika kanuni za kupelekeana barua baina ya kompyuta, na kanuni hizo, pamoja na marekebisho yake, ndizo msingi wa barua pepe hadi leo. Ziliandikwa kwa ajili ya jumuiya ndogo ya wataalamu walioaminiana, na kwa hivyo hazikumtaka mtumaji athibitishe kuwa yeye ndiye. Mtu aliweza kuandika juu ya bahasha jina la benki, la waziri au la jirani yako, na barua ikafika kama ilivyoandikwa. Uaminifu wa wachache ukawa upenyo wa wengi.

Tuongeze na jambo la gharama. Mtu anayetuma barua kwa posta hununua stempu, na anayetaka kutuma barua laki moja hana budi kununua stempu laki moja, na bei hiyo peke yake ni kizuizi tosha. Barua pepe haina stempu. Anayetuma barua moja na anayetuma laki moja gharama zao hupishana kidogo sana, na mzigo wenyewe huangukia kwa anayepokea: muda wake, nafasi katika mashine yake na fedha za mtandao wake. Katika watu laki moja, akidanganyika mmoja tu, mlaghai amepata faida. Ndiyo maana taka hazikomi kwa kukemewa. Makadirio ya miaka ya karibuni ya kampuni za usalama wa kompyuta yanaonesha kwamba karibu nusu ya barua pepe zote zinazotumwa duniani ni taka.

KWA NINI GATINI

Wako wanaosema kwamba kila mtu afute taka zake mwenyewe, au aweke chujio katika simu yake au kompyuta yake, na mambo yaishe. Rai hii ina kasoro tatu.

Kwanza, ni rai ya gharama. Tuchukulie kwamba shehena ya mchele ulioharibika imeshushwa katika bandari ya Malindi, ikapakiwa ndani ya gari, ikasafirishwa mpaka Makunduchi, na huko ndiko magunia yakafunguliwa na uozo ukagunduliwa. Nani aliyelipa ubao, mafuta na vibarua? Ndivyo ilivyo barua taka inayochujwa ndani ya simu ya mtumiaji. Imekwisha kusafiri, imekwisha kula bando alilolinunua kwa fedha yake, na kufutwa kwake hakumrudishii hata senti. Chujio linalowekwa katika seva, yaani ile kompyuta kuu inayopokea barua za afisi nzima kabla ya kuzigawa, huizuia taka gatini, kabla haijamfikia mtu.

Pili, kazi ya mmoja huwafaa wengi. Fundi akiitambua hila mpya asubuhi na kuifundisha seva, wafanyakazi wote wa afisi hiyo wamekingwa kabla ya saa sita ya mchana. Bila ya hivyo, kila mmoja atalazimika kuigundua hila hiyo peke yake, na baadhi yao wataigundua baada ya kuibiwa.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, usalama wa afisi hupimwa kwa yule mtumishi asiye na uzoefu. Karani mpya akifungua kiambatisho kimoja chenye kirusi, madhara hayaishii kwenye meza yake. Majalada ya afisi nzima yaweza kufungwa na walaghai wakadai kulipwa ndipo wayafungue. Si haki kumwachia kijana wa wiki mbili kazini mzigo ambao ungepaswa kubebwa na taasisi.

KARANI WA MASJALA

Waheshimiwa viongozi na watumishi wa Serikali wanaijua masjala. Hapo ndipo barua zote huingilia, hugongwa muhuri, huandikwa katika rejista, hutiwa katika jalada lake na kupelekwa kwa mhusika. Seva ya barua pepe si kitu kingine ila masjala, na chujio ni karani wake. Tukimtazama karani huyu anavyofanya kazi, tutajua wapi tumsifu na wapi tumwekee mipaka.

Seva ya mtumaji ikifika mlangoni hujitambulisha, kisha hutaja jina la anayetuma, kisha jina la anayeandikiwa, na mwisho hukabidhi barua yenyewe. Katika kila hatua, seva inayopokea ina haki ya kukataa.

Hatua ya mwanzo ni kumtazama anayebisha hodi. Kila kompyuta iliyomo mtandaoni ina namba yake, na ziko taasisi zinazoweka daftari la namba zinazojulikana kwa uovu. Mashuhuri miongoni mwao ni Spamhaus, iliyoanzishwa mwaka 1998. Karani huliuliza daftari hilo mara moja, na namba ikiwa imo, mgeni hufungiwa mlango kabla barua yake haijapokewa hata herufi moja. Njia nyingine, aliyoieleza Evan Harris mwaka 2003, ni kumwambia mgeni asiyewahi kuonekana arudi baada ya dakika chache. Seva ya kweli, kwa mujibu wa kanuni, huihifadhi barua na kurudi nayo. Mashine ya mlaghai, iliyo mbioni kuwahi milango mingine, aghalabu hairudi. Njia hii huchelewesha kidogo barua ya mgeni mwema, na wako walaghai waliokwisha kujifunza kurudi, lakini hadi leo hupunguza msongamano.

Hatua ya pili ni kuukagua muhuri. Hapa zimewekwa kanuni tatu kuziba upenyo ulioachwa mwaka 1982. Kanuni iitwayo SPF, iliyochapishwa mwaka 2006, humwezesha mwenye jina la kikoa, yaani lile jina linalofuata alama ya @, kutangaza hadharani orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma barua kwa jina lake. DKIM, iliyofuata mwaka 2007, huitia barua saini isiyoweza kughushiwa kwa wepesi, na barua ikibadilishwa njiani saini hiyo haikubali tena. DMARC, ya mwaka 2015, huzifunga hizo mbili pamoja na kumwezesha mwenye jina kuwaambia walimwengu wafanye nini na barua inayodai kutoka kwake ilhali haina muhuri sahihi: waipokee tu, waiweke kando, au waikatae.

Hatua ya tatu ni kuisoma barua. Mwaka 2001 Justin Mason alitoa programu iitwayo SpamAssassin, ambayo hadi leo hutumika bila ya malipo katika seva nyingi. Programu hiyo huipa barua alama kwa kila dalili inayotia shaka, na hupunguza alama kwa kila dalili njema. Kwa kipimo chake cha kawaida, jumla ikifika 5, barua huhesabiwa kuwa taka. Mwaka 2002 Paul Graham, mtaalamu wa programu wa Marekani, aliandika makala iliyowavutia wengi kuitumia hesabu ya uwezekano inayotokana na fikra za Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza ambaye insha yake ilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufa kwake. Kwa njia hii programu haiambiwi neno gani ni baya. Huoneshwa fungu la barua njema na fungu la taka, nayo hujifunza yenyewe maneno ya kila upande.

Tunaomba viongozi wetu walizingatie neno hilo "huoneshwa". Hesabu hiyo, ndani ya SpamAssassin, kwa kawaida haianzi kutoa hukumu mpaka ioneshwe barua njema 200 na taka 200. Je, hizo 200 njema ni za nani? Chujio lililofunzwa kwa barua za Kiingereza tu halijui kwamba "Assalaam alaykum" ndiyo hodi ya barua ya Mzanzibari, wala halijui kwamba mwananchi anayeomba msaada wa haraka huwa hasemi uongo. Litakuwa kama mchambuaji aliyeletwa kutoka nchi isiyoota mkarafuu, akakabidhiwa jamvi la karafuu mbichi: atahifadhi makonyo na kuzitupa karafuu. Chujio la afisi za visiwani halina budi kufunzwa kwa barua za visiwani.

HATARI YA KARANI MKIMYA

Karani wa namna hii hukosea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuipitisha taka, na ya pili ni kuizuia barua njema. Mafundi hupenda kuyahesabu makosa haya pamoja, lakini uzito wake si mmoja. Taka ikipenya, afisa hupoteza muda mfupi kuifuta. Barua njema ikimezwa, mwananchi hupoteza haki yake: rufaa inapitwa na tarehe, ombi la kazi halisomwi, kisima hakitengenezwi. Na ubaya zaidi ni kwamba aliyetuma hajui, na aliyekusudiwa naye hajui. Mmoja humwona mwenzake kuwa na kiburi, mwingine humwona mwenzake kuwa kimya.

Katika masjala ya karatasi, karani anayeitupa barua ya mwananchi ndani ya pipa bila ya kuiandika popote angechukuliwa hatua za nidhamu. Kwa nini basi tumruhusu karani wa umeme afanye hivyo maelfu ya mara? Kanuni zenyewe za barua pepe, zilipopitiwa upya mwaka 2008, zilieleza kwamba seva ikishasema imeipokea barua, imebeba dhamana ya kuifikisha au ya kutoa taarifa kwamba haikuweza. Kupokea kisha kumeza ni kuivunja amana hiyo.

Kwa hivyo, njia iliyo ya haki ni kuikataa taka mlangoni, kwa sauti, wakati seva ya mtumaji bado imesimama pale. Seva yetu hutoa jibu la kukataa, kwa kawaida namba 550, pamoja na maneno machache ya sababu. Ikiwa aliyetuma ni mlaghai, hapana kilichoharibika. Ikiwa ni mwalimu wa Pemba, seva yake mwenyewe itamjulisha papo hapo kwamba barua haikupokewa, naye ataweza kuandika upya, kupiga simu au kupanda gari akaja mwenyewe.

Hapa pana mtego ambao mafundi wetu wanapaswa kuuepuka. Baadhi ya seva huipokea barua kwanza, kisha zikigundua kuwa ni taka huirudisha kwa anwani iliyoandikwa juu ya bahasha. Lakini anwani hiyo aghalabu ni ya kughushi, na barua humrudia mtu asiye na hatia. Afisi inayofanya hivyo imegeuka kuwa mtawanya taka nayo pia. Kukataa kufanywe mlangoni, kabla ya kupokea, wala si baada yake.

Zitabaki barua za shaka, zisizo nyeupe wala nyeusi. Hizo ziwekwe katika sanduku la shaka, na mhusika apelekewe kila siku orodha yake fupi, ili aweze kuitambua barua ya mtu anayemjua. Awepo pia mtumishi mwenye jina, si "idara" wala "mfumo", ambaye kazi yake ni kulifungua sanduku hilo kila asubuhi. Sisi hatukuwa naye, na ndiyo maana tukaaibika. Sasa tunaye.

Lipo na jambo ambalo gazeti haliwezi kulinyamazia. Chujio la taka lisigeuke kuwa chujio la maoni. Taka ni barua inayotumwa kwa maelfu bila ya kuombwa, aghalabu kwa hila. Barua ya mwananchi mmoja anayelalamika, hata akitumia maneno makali, hata akiandika mara tatu, si taka. Sheria za kila chujio katika afisi ya umma ziandikwe, na ziweze kukaguliwa, na anayelikagua sanduku la shaka atazame jina la mtumaji na kichwa cha barua tu, asijipe ruhusa ya kusoma siri za watu.

JINA LETU NJE YA VISIWA

Tumezungumzia taka zinazoingia. Kuna na zinazotoka, nazo zinatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani. Taka nyingi za ulimwengu hutumwa na kompyuta zilizotekwa, ambazo wenyewe hawajui kuwa zinatumika kwa uovu. Nyuma yao huwapo waendeshaji wachache. Mnamo Novemba 2008, kampuni moja ya California iitwayo McColo, iliyokuwa imehifadhi mashine za kuendesha uovu huo, ilikatiwa mtandao, na taka za dunia nzima zikapungua kwa zaidi ya nusu katika muda mfupi. Baada ya miezi michache zilirudi, kwani wenye mashine walikwishahamia kwingine.

Sasa tutazame hali ya visiwani. Afisi ndogo aghalabu hutoka nje kwa namba moja wanayogawana wengi. Kompyuta moja tu ikitekwa na kuanza kumwaga taka, namba hiyo huandikwa katika daftari la waovu, na barua za wote hukataliwa: barua ya hoteli ya Nungwi kwa mgeni wake wa Italia, barua ya mwanafunzi anayeomba nafasi ya chuo, barua ya mama anayemwandikia mwanawe aliyeko Muscat. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekuwa zikidai muhuri wa SPF au DKIM kwa kila anayewatumia barua wateja wao, na watumaji wakubwa, kama wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa wateja wa Gmail, hudaiwa kuwa na zote mbili pamoja na DMARC. Afisi isiyo na muhuri isishangae barua zake zikiishia katika masanduku ya taka ya walimwengu.

Na afisi hiyo hiyo isiyo na muhuri imeacha jina lake barazani lichukuliwe na apitaye. Mlaghai aweza kumwandikia mzee aliyestaafu kwa jina la afisi ya umma, akamtaka namba zake za benki, na mzee akaziandika kwa utiifu wake kwa Serikali.

SHERIA NA JITIHADA ZETU

Si kwamba sheria hazipo. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kutuma ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo, na kinakataza kughushi maelezo ya asili ya ujumbe wa namna hiyo. Marekani ilitunga sheria yake dhidi ya barua taka mwaka 2003. Januari 2004, Bill Gates, akiwa Davos, alitabiri kwamba tatizo hili lingekuwa limemalizika ndani ya miaka miwili. Miaka miwili ilipita, na mingine mingi ikafuata, na taka zingalipo. Sheria humfikia mlaghai aliye karibu, ilhali wengi wako mbali. Kwa hivyo sheria iwe ngome ya nyuma, na mlango uwe na mlinzi.

Tunatoa wito kwa waheshimiwa viongozi wa afisi zote za umma, Unguja na Pemba, waulize maswali machache katika vikao vyao vijavyo. Je, jina la kikoa la afisi yetu lina SPF, DKIM na DMARC? Kama halina, mafundi waanze kwa DMARC ya kutazama tu, wasome ripoti zinazorudi mpaka wazijue seva zote halali za afisi, kisha wapande hatua kwa hatua mpaka kufikia kukataa. Je, chujio letu hukataa kwa sauti au humeza kimya? Nani, kwa jina lake, hulifungua sanduku la shaka? Je, anwani ya "postmaster", ambayo kanuni za barua pepe zinaitaka kila seva iwe nayo, ipo na inasomwa na mtu? Mambo haya hayahitaji jengo jipya wala mkopo. Programu nyingi za kazi hii hupatikana bila ya malipo. Linalohitajika ni fundi aliyefunzwa, akapewa muda wa kuifanya kazi hiyo, na mkuu wake akamwuliza habari zake kila mwezi.

Watumishi nao waache mtindo wa kufanya kazi za Serikali kwa anwani zao binafsi, kwani barua inayopita nje ya masjala haina ulinzi wa masjala wala kumbukumbu yake.

Na wewe mwananchi una sehemu yako. Usiijibu taka, hata kwa kuitukana, kwani jibu lako humwambia mlaghai kwamba anwani yako ina mtu. Usifungue kiambatisho usichokitarajia. Barua ikikudai fedha au neno la siri kwa jina la afisi, ipigie afisi yenyewe kwa namba unayoijua, si kwa namba iliyoandikwa ndani ya barua hiyo. Ukiona taka imepenya, itie alama ya taka ili chujio lijifunze, na ukikuta barua njema katika sanduku la taka, itoe, kwani kwa hilo pia chujio hujifunza. Ukiiandikia afisi barua muhimu na wiki ikapita kimya, usikate tamaa wala usikasirike kwanza: uliza. Mwalimu wetu aliuliza, na kwa kuuliza kwake alitufunza sisi pia.

Sisi kwa upande wetu tumelibadilisha chujio letu. Taka zinazojulikana hukataliwa mlangoni, za shaka hutazamwa kila asubuhi na mhariri mmoja tuliyemteua, na tumelifunza chujio kwa barua za wasomaji wetu wenyewe, zenye salamu ndefu na Kiswahili cha kila pembe ya visiwa hivi. Taka chache zaidi hupenya kuliko zamani, na tunazifuta kwa mikono yetu bila ya kunung'unika. Ni afadhali tufute taka 10 kuliko mtu mmoja wa shamba aliyeandika kwa adabu akae akingoja jibu la barua ambayo hapana aliyeiona.